Ahadi na Mavuno: Uhakiki wa Andiko la Dartmouth

Mhakiki wa andiko la elimu hana budi kufanya kama afanyavyo mnunuzi wa nafaka: asitosheke na uzuri wa gunia, bali atie mkono ndani na kutazama punje. Maneno makubwa hupendeza sikio, walakini elimu hupimwa kwa mavuno yake. Kwa kipimo hicho tutalitazama andiko moja fupi, ambalo athari zake zimeenea duniani kote.

Andiko hilo lilitungwa mwezi wa Agosti 1955 na wataalamu wanne wa Marekani: John McCarthy, Marvin Minsky, Nathaniel Rochester na Claude Shannon. Waliomba Rockefeller Foundation iwape dola 13,500 ili watu kumi wakutane kwa miezi miwili katika kiangazi cha 1956, katika Dartmouth College, mjini Hanover, jimbo la New Hampshire. Walipewa kiasi cha dola 7,500. Humo ndimo lilimoonekana kwanza jina ambalo sisi tumelifasiri akili bandia.

Hoja yao kuu ni hii: kila sehemu ya kujifunza, na kila sifa nyingine ya akili, yaweza kuelezwa kwa usahihi hata mashine ikatengenezwa ya kuiiga. Waliiita dhana, wala hawakuiita hakika. Na huo ni uaminifu unaostahili sifa. Kisha wakaorodhesha mambo saba ya kuchunguza, miongoni mwake matumizi ya lugha, mitandao ya neva, uwezo wa mashine kujirekebisha, na uhusiano wa bahati nasibu na ubunifu. Orodha hiyo haijachakaa. Vijana waliokusanyika Nyeri mwaka 1015 + 1000, yaani 2015, katika mafunzo ya Data Science Africa, na wale waliokuja Nairobi mwaka 2019 kwa Deep Learning Indaba, walikuwa wakihangaika na maswali ya ukoo huo huo.

Hata hivyo andiko lina kasoro mbili. Ya kwanza ni haraka. Waandishi waliamini kwamba kundi la wataalamu walioteuliwa vyema, wakifanya kazi pamoja kiangazi kimoja, lingeweza kupiga hatua kubwa katika jambo moja au zaidi kati ya hayo. Mambo hayakwenda hivyo. Wageni walifika na kuondoka kwa nyakati mbalimbali, na kila mmoja alishika njia yake. Allen Newell na Herbert Simon walileta programu yao iliyoweza kuthibitisha kanuni za mantiki, lakini kazi hiyo walikuwa wameianza kabla ya kufika. Ama mitandao ya neva, safari yake ilikuwa ndefu. Mwaka 1969 Minsky yule yule, pamoja na Seymour Papert, alichapisha kitabu kilichoonyesha mipaka ya mitandao sahili. Mwaka 1986 Rumelhart, Hinton na Williams walieleza njia ya kuifunza mitandao yenye tabaka nyingi. Ushindi uliowashangaza wengi katika kutambua picha ulikuja mwaka 2012, katika kazi ya Krizhevsky, Sutskever na Hinton huko Toronto. Kiangazi kimoja kiligeuka miaka 56.

Kasoro ya pili ina uzito zaidi. Andiko lasema kwamba kizuizi kikubwa si uchache wa nguvu za mashine, bali ni sisi kutojua kuandika programu za kuzitumia barabara. Neno hilo ni nusu ya kweli. Kazi ya 1986 yaliunga mkono, kwa kuwa ilikuwa ugunduzi wa njia. Kazi ya 2012 yalipinga, kwa kuwa ilihitaji mashine zenye kasi na picha zipatazo milioni 1.2. Mtandao wa neva ni hesabu nyingi ndogo zilizounganishwa, na kila kiungo kina tarakimu ya nguvu yake. Huonyeshwa mfano, hukisia jibu, kosa lake hupimwa, na tarakimu hizo hurekebishwa kidogo kidogo. Basi mtandao ni mwanafunzi wa mifano. Lakini katika mambo saba ya orodha, hakuna hata moja linalouliza mifano itatoka wapi.

Yamkini mtu atawatetea kwa kusema kwamba mwaka 1955 mikusanyo mikubwa ya mifano haikuwako. Ni kweli, wala hatuwalaumu kwa kukosa mifano. Twawalaumu kwa kukosa swali, maana swali lilikwisha kujulikana katika elimu ya takwimu. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2 ya wapiga kura, likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa kishindo. Majibu yalikuwa mengi, ila hayakutoka kwa watu wa namna zote.

Kosa la namna hiyo halikufa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu tatu zinazokisia jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Walionyesha pia kwamba katika mkusanyo mmoja wa picha uliotumiwa kupimia programu za namna hiyo, asilimia 86.2 zilikuwa za watu weupe. Tafakari, msomaji: tuseme watu 100 wamepimwa, 86 wa aina moja na 14 wa aina nyingine. Mashine isipokosea kwa wale 86, ikakosea kwa 5 kati ya wale 14, itasifiwa kuwa sahihi kwa asilimia 95. Wastani umependeza, na zaidi ya theluthi ya wachache wamedhulumiwa ndani yake.

Hukumu yetu basi ni kwamba andiko la Dartmouth ni kubwa kwa maswali liliyouliza, na lina upungufu kwa swali liliyoliacha. Swali hilo latuhusu sisi kuliko wengi, kwa kuwa mashine inayofundishwa lugha hujifunza yaliyoandikwa, na lugha yenye maandishi machache hupata fundi asiyeijua vizuri. Kijana atakayesoma takwimu na mitandao ya neva, kila asikiapo sifa za mashine mpya, na aulize mambo matatu: mifano imetoka wapi, nani hakuhesabiwa, na kosa limemwangukia nani. Asipopata jibu, asinunue gunia.