Tatu, Nne, Tano

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijamii, ukiisha saa tano na majembe yakirudi stoo, sisi watano hukutana nyumbani kwangu Nyamirambo, hatua chache kutoka Biryogo. Viatu vyenye matope hubaki mlangoni. Chai ya tangawizi ikiwa jikoni, mezani panawekwa sinia kubwa, lile lile la pilau ya sikukuu, na ndani yake tunamimina matofali. Si ya udongo wa mto Nyabarongo. Ni yale madogo ya plastiki, ya LEGO, mengi yao yamekuja Rwanda ndani ya mabegi ya ndugu, yamefungwa kwenye soksi ili yasipigane njiani. Tunayachambua kama mchele: meusi huku, meupe huku, mekundu adimu kwenye kikombe chao. Nusu saa hupita bila mtu kusema jambo kubwa, na nusu saa hiyo naihesabu kuwa sehemu ya ufundi, maana ndipo vidole vinapojua kilichopo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Wengine ni nesi wa zamu za usiku, dereva wa teksi, binti anayeandika programu za kompyuta, na fundi ujenzi ambaye tunamwita Fundi tu.

Wapenzi wa matofali haya wa Ulaya na Marekani wana jina la ile miaka ambayo mtu ameacha kucheza na bado hajarudi: huiita zama za giza. Kwao mtu mzima anayenunua seti amerudi nyumbani. Sisi hatukurudi. Tulilishika tofali la kwanza tukiwa na ndevu, au tukiwa na watoto. Utoto wetu ulikuwa wa mpira wa majani makavu ya mgomba, gari la waya lenye magurudumu ya vizibo vya soda, na ng'ombe wa udongo aliyekaushwa juani, pembe zake zimevutwa juu ndefu kama za wale ng'ombe wanaoitwa inyambo. Kwa hiyo siamini kabisa kwamba tulikuwa gizani. Mtoto aliyewahi kukunja waya wa gari lake mpaka likaacha kupinda upande mmoja ameshajua jambo ambalo sanduku lolote la dukani litamfundisha.

Kilichonishangaza mimi ni mshiko. Ole Kirk Kristiansen, seremala wa Billund nchini Denmark, alianza kutengeneza vichezeo vya mbao mwaka 1932, na jina la kampuni yake, LEGO, likatokana na maneno mawili ya Kidenishi yenye maana ya cheza vizuri. Matofali yao ya kwanza ya plastiki, ya mwaka 1949, yalikuwa matupu chini. Ukiyapanga yanakaa, ukiyasukuma yanaachia. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe Godtfred aliomba hataza ya tofali lenye mirija ndani. Vinundu vya juu vya tofali moja vinabanwa kati ya mirija na kuta za jingine, vinashika, lakini mkono ukitaka vinaachia bila kidonda. Tofali la mwaka ule linaingia sawasawa kwenye la leo. Hapo ndipo moyo wangu ulipokamatwa. Mbao ukishazikata umezikata, na saruji ikishakauka imekauka. Hapa unajenga kwa uzito wote wa kujenga, na ukikosea hujapoteza hata chembe ya malighafi.

Na upana wake! Chukua matofali sita tu ya rangi moja, kila moja lenye vinundu vinane. Kwa miaka mingi kampuni yenyewe ilitaja njia 102,981,500 za kuyaunganisha, hesabu iliyohusu minara ya ghorofa sita peke yake. Baadaye Søren Eilers, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, akahesabu maumbo yote na kupata 915,103,765. Namba hiyo niliwahi kuiandika ubaoni darasani, nikaweka matofali sita mezani, nikawaachia wanafunzi wanyamaze wenyewe.

Picha za seti mpya zikitoka, binti wa programu anatuletea kwenye simu, na mazungumzo yanaanza. Mgeni angedhani tunazungumzia sanduku. Tunazungumzia kona. Pale kwenye paa, wamegeuzaje vinundu vikaangalia pembeni? Bamba, yaani kile kipande chembamba, lina unene wa milimita 3.2, na kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Basi mabamba matano yakipangwa yanafikia milimita 16, sawa na upana wa vinundu viwili. Anayejua hesabu hiyo anaweza kulaza ukuta ubavuni na bado ukaingia mahali pake bila mwanya. Nesi ndiye mwenye jicho la kuiona kwenye picha. Anasema, "Tano kwa mbili, angalieni chini ya dirisha," na sote tunainama juu ya simu. Hatua za ujenzi kwenye vitabu vya maelekezo ya seti hizi huonyeshwa kwa picha bila maneno, na labda ndiyo maana tunaelewana upesi hivi mezani penye Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa.

Lakini mazungumzo matamu zaidi ni ya mawazo ya mashabiki wenyewe. Mpango huo ulianzia Japani mwaka 2008, ukafunguliwa kwa dunia nzima 2011, na tangu 2014 unaitwa LEGO Ideas. Mtu yeyote anaweza kupeleka kielelezo alichokibuni. Ana siku 60 za kupata watu 100 wa kumuunga mkono. Akivuka hapo anaongezewa muda, na akifikisha 10,000 kampuni inakaa na kulipima wazo lake. Mengi huishia hapo. Lile linalochaguliwa huboreshwa na wabunifu wa kampuni, linauzwa, na mwenye wazo hupata asilimia moja ya mauzo halisi. Truman Cheng wa Hong Kong alipanga mabamba ovyoovyo mpaka akaona yanafanana na mipigo ya brashi ya Vincent van Gogh. Mwaka 2022 mchoro wa usiku wa nyota ukatoka dukani katika vipande 2,316. Tuliposikia habari hiyo, dereva aliweka kikombe chini akauliza: "Na imigongo je?"

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa neno hilo. Imigongo ni migongo. Ni michoro ya Gisaka, mashariki ya Rwanda, ambayo wanawake huitengeneza kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, wakikiinua kwa vidole mpaka kiwe matuta, kisha wakikipaka nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Masimulizi huyahusisha mapambo haya na Kakira, mwana wa mfalme, aliyepamba nyumba yake kwa namna hiyo. Ukisimama mbele ya kazi ya Nyakarambi asubuhi, jua likiwa bado chini, tuta moja linaangusha kivuli juu ya jingine na ukuta mzima unaanza kutembea.

Kuyajenga hayo kwa matofali yetu, huo ndio mtihani. Maumbo ya imigongo yamejaa almasi na mistari ya mshazari, na tofali limezaliwa la pembe mraba. Kwenye kompyuta binti alituchorea mshazari kwa jioni moja, maana kwenye kompyuta vipande haviishi na wala haviangukii sakafuni. Sinia lina tabia nyingine. Ukifuata vinundu unapata ngazi, na imigongo ya ngazi ni kama kanzu iliyopigwa pasi kwa jiwe. Nikaamua kuinua bamba juu ya vipande vidogo vya duara na kulilaza kwa nyuzi 45, nafasi tano kwenda kulia, tano kwenda juu. Bamba la vinundu vinane lina nafasi saba kutoka kinundu cha kwanza hadi cha mwisho. Likaingia. Nikafurahi.

Fundi alilitazama, akaligusa kwa ukucha. "Mwalimu, hapo unalazimisha."

Ilikuwa kweli. Tano kwa tano kona hadi kona si saba. Ni saba na kidogo, na kidogo hicho kwenye matofali haya ni zaidi ya nusu milimita. Plastiki ilikuwa imejikunja kunistahi. Asubuhi ya Jumapili niliikuta kona imeruka.

Mwezi uliofuata Fundi alikuja na uzi wake wa kazi mfukoni. Akitaka msingi wa nyumba uwe na kona mraba, alisema, hupima mita tatu huku, nne huku, na uzi wa mshazari ukitoa tano kamili, kona imenyooka. Ndivyo alivyofundishwa akiwa kibarua, ndivyo anavyofanya hadi leo. Mimi kanuni hiyo naifundisha kwa jina la Pythagoras. Sikuwa nimewahi kuiona ikitoka mfukoni mwa mtu.

Alichagua mabamba manne meusi ya vinundu sita; sita maana yake ni nafasi tano. Akaweka vipande vinne vya duara kwenye ubao, pembe nne za almasi: kutoka juu hadi chini nafasi nane, kutoka kushoto hadi kulia nafasi sita. Kila upande, basi, ni mshazari wa tatu na nne. Akalaza mabamba mawili yanayotazamana, kisha mengine mawili juu ya ncha zao, yakipishana kama ukili kwenye mkeka. Hakubonyeza kwa nguvu. Kila ncha ilitoa mlio mdogo, mkavu, mlio ambao kila mmoja wetu angeutambua akiwa amefumba macho. Kwa kuwa mawili yamekaa juu ya mengine, tuta lilikuwa limeinuka lenyewe, na taa ya mezani ikaangusha kivuli chembamba ndani ya almasi.

Nesi alizima taa, akaiwasha tena kutoka upande wa pili. Kivuli kikahamia ng'ambo.

Fundi akavuta uzi juu ya almasi, kona hadi kona, akahesabu vinundu kwa midomo, akaukunja na kuurudisha mfukoni. Kisha akausogeza ubao kando, akalivuta sinia karibu, na kuanza kutafuta mabamba meupe ya vinundu sita. "La pili likae ndani ya hili au ubavuni?" aliuliza. Dereva alisema ndani, binti akasema ubavuni, na chai ikapoa.