Upofu katika Yohana 9 na Sitiari ya Wahubiri

Sura ya tisa ya Injili ya Yohana huhubiriwa kwa njia iliyozoeleka: upofu ni dhambi au ujinga, kuona ni imani, na mtu aliyenawa Siloamu ni mfano wa mwenye dhambi aliyeongoka. Ufafanuzi huo ni mwepesi kuhubiri, lakini sura yenyewe hauiungi mkono.

Sura ina aya 41, na uponyaji umechukua mbili tu, ya 6 na ya 7. Nyingi za zilizobaki ni mabishano. Mwanzoni wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, na Bwana anaukataa msingi wa swali lao. Mwishoni anawaambia Mafarisayo kwamba kama wangekuwa vipofu wasingekuwa na dhambi. Hatia yao imo katika kudai kwamba wanaona. Mhubiri anayeiruka aya hiyo (na wengi huiruka, kwa kuwa wamekwisha kuridhika na ushuhuda wa aya ya 25) amehubiri swali la wanafunzi, wala si jibu walilopewa.

Tena mtu huyu alipakwa tope, akatumwa, akaenda, akanawa. Aliporudi akiwa anaona, Yesu hakuwapo. Anamtaja kama mtu aitwaye Yesu (aya ya 11), kisha nabii (17), kisha anamtetea kuwa ametoka kwa Mungu (33), hata anafukuzwa kwa ajili yake. Muda huo wote hajapata kumwona kwa macho. Amemjua kwa sauti na kwa mguso wa mkono. Walutheri tungepaswa kulitambua jambo hili upesi, maana Luther, katika mihadhara yake ya 1517–1518 juu ya Waraka kwa Waebrania, alifundisha kwamba kiungo cha Mkristo ni sikio.

John Hull, mwanatheolojia aliyepofuka akiwa mtu mzima na aliyefundisha Chuo Kikuu cha Birmingham, alieleza katika kitabu chake cha 2001 kwamba Biblia imeandikwa na watu wanaoona. Lalamiko lake ni la haki, wala haliondolewi kwa kusema kwamba hii ni sitiari tu. Aya ya 39 inautaja upofu kama hukumu, nasi hatuna ruhusa ya kuificha. Tunachoweza ni kuisoma pamoja na aya ya 3 na ya 41, jambo ambalo mahubiri yetu hayafanyi.

Kiswahili chenyewe kingetusaidia. Katika lugha hii mtu huona njaa, huona baridi, huona haya, na hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji jicho. Kanisa la Kilutheri lina shule ya wasioona huko Irente, Lushoto. Mwanafunzi wa shule kama hiyo, akiketi ibadani Jumapili ambayo sura hii inasomwa, husikia hali ya mwili wake ikifanywa jina la kutokuamini kwa watu wengine, na mhubiri akiendelea na hoja yake ya pili.