Vikombe vya Udongo vya Milima ya Andes

Wanaosifu vyombo vya kale vya Peru na Bolivia huanza na picha zilizochorwa juu yake, na mara nyingi huishia papo hapo. Nasi twaona ya kuwa njia hiyo si sawa. Kero, ndilo jina la kikombe hicho kwa Kikechua (wala lisichanganywe na kero yetu, yaani udhia), ilifinyangwa kwa kunywea, na picha yake haisomeki vema ila mkononi mwa mnywaji.

Tazama umbo lake. Watu wa Tiwanaku na wa Wari, ambao enzi zao zilikoma karibu na mwaka 1000 baada ya Kristo, waliifinyanga kwa mkono, maana gurudumu la mfinyanzi halikujulikana kwao: chini nyembamba, juu pana, na mara nyingi kiunoni ina ukingo kama mshipi. Waliipaka udongo wa rangi, wakaisugua hata ikang'aa, ndipo wakaichoma. Picha ya puma, ya kondori, au ya uso wa mungu huizunguka. Basi anywaye huona upande mmoja, na aketiye mbele yake huona wa pili. Vitabu hutuonyesha upande mmoja tu, kisha twaambiwa tuupime ufundi wa mchoraji!

Katika zama za Inka kero zilitengenezwa mbili mbili, maana mtu hakunywa peke yake. Titu Cusi Yupanqui alieleza mwaka 1570 jinsi Atahualpa alivyowapa Wahispania kinywaji katika kikombe cha dhahabu, nao wakakimwaga, akakasirika sana.

Huko Cerro Baúl, kusini mwa Peru, Wawari walikuwa na nyumba kubwa ya kupikia pombe. Walipohama waliichoma moto, wakatupa kero zao ndani ya moto ule. Kisiwani Pariti, katika ziwa Titicaca, mwaka 2004 vilichimbuliwa vyombo vya Tiwanaku vilivyovunjwa kwa kusudi na kufukiwa. Wachimbaji huunganisha vigae hivyo kwa ustadi, nasi twawashukuru; lakini kikombe kikisimama kizima katika kabati ya kioo, pasipo neno la kutuarifu ya kuwa wenyewe ndio waliokivunja, mtazamaji amenyimwa nusu ya habari yake.