Injini Iliyopita Mikononi mwa Wengi

Anayenunua Land Rover ya zamani hununua pamoja nayo maamuzi ya mafundi ambao hatawajua kamwe. Mmoja alitoa kifaa, mwingine akafunga cha gari jingine, wa tatu akachonga, na hakuna aliyeandika popote. Kadi ya gari itakupa namba ya chasisi, namba ya injini na ukubwa wake, basi. Yaliyobaki yamo kwenye chuma chenyewe, na wenye subira ya kuyasoma ni wachache. Mmoja wao yuko Kingolwira, pembeni mwa barabara kuu ya Dar es Salaam, na kazi yake naipenda kiasi cha kutaka kuieleza taratibu, kama anavyoifanya.

Gari nililomwona akilishughulikia ni 109 ya Series III, injini ya petroli ya cc 2286. Mwenyewe, mwalimu mstaafu, alilinunua kwa mtu aliyelipata mnadani. Inasemekana lilianzia kwenye shamba la mkonge. Haishangazi, maana upande huu wetu, Tungi hadi Pangawe, mkonge na Land Rover vilikwenda pamoja miaka mingi. Lalamiko la mwalimu lilikuwa fupi: kwenye tambarare linakwenda, mlimani linachemka na kuishiwa nguvu.

Fundi mwenye haraka angeanza na rejeta. Huyu alianza kwa kukataza gari lisioshwe. Uchafu una habari zake. Nati iliyofunguliwa karibuni ina kingo safi katikati ya oili iliyoganda. Ile ambayo haijaguswa tangu zamani imezama kwenye tope gumu. Akapita na tochi, mikono nyuma, bila kushika spana. Namba ya injini, iliyogongwa ubavuni mwa bloku, aliifuta kwa kitambaa chenye petroli akailinganisha na kadi. Zilikubaliana. Injini ni ya gari hili, na kwa Land Rover ya Tanzania hiyo peke yake ni habari njema, kwa sababu nyingi zimeshavaa injini za Toyota, Nissan au Isuzu.

Kisha akaja kwenye boliti, na hapa ndipo nilipoanza kumwelewa. Boliti ya Land Rover ni ya inchi. Ile ya inchi tano za kumi na sita inataka spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Boliti ya Kijapani ya milimita 8 ina kichwa cha 12, ya Ulaya 13. Tofauti hizo jicho haliwezi kuzipima, lakini spana inaweza. Alikuwa akivisha spana juu ya kichwa cha boliti, anatikisa kidogo, anaitoa, anamwambia kijana wake aandike. Kwenye pampu ya maji: nusu inchi, zote. Kwenye kifuniko cha termostati: 12, mbili. Kwenye kabureta: 12, zote. Kwa spana peke yake, bila kufungua kitu, alishajua mikono ya wageni iliishia wapi.

Kabureta ilikuwa ya Toyota. Kiwandani gari hili lilitoka na Zenith. Kati yake na manifoldi kulikuwa na kibao cha aluminiamu, kinene kama kidole, kilichochongwa kwa tupa. Matundu ya chini yalifuata manifoldi ya Land Rover, ya juu yakafuata kabureta, na njia ya katikati ilikuwa imelainishwa ili mchanganyiko wa hewa na petroli usigonge ukingo. Mistari ya tupa ilionekana bado, yote ikielekea upande mmoja, mkono haukutetereka. Fundi alikishika muda mrefu. "Huyu alikuwa fundi," akasema, kama mtu anayemtambulisha mwenzake.

Ili kumtendea haki aliyekitengeneza, lazima kukumbuka enzi yenyewe. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena 1983. Katikati ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikawa adimu kuliko vipuri vyenyewe. Land Rover ya shirika la umma iliyoharibika kabureta ilikuwa na njia mbili: kuegeshwa juu ya mawe, au kumpata mtu mwenye kipande cha aluminiamu na tupa. Sijui tarehe ya kibao kile, wala siisemei. Nasema tu kwamba ujuzi wa namna hiyo ulikuzwa na miaka ile, na haujafa.

Chini ya kifuniko cha 12 hapakuwa na termostati. Ilitolewa, ganda likabaki tupu. Hiyo ni dawa inayotumika nchi nzima gari linapochemka, na kwa fundi wetu ilikuwa ushahidi: joto la gari hili ni ugonjwa wa zamani, mwalimu ameurithi.

Ndipo akafungua kifuniko cha valvu. Sehemu hii ningependa kila mwanafunzi wa ufundi aione. Kila roka ina skrubu ya kurekebisha tapeti na nati ya kuifunga. Mkao unaotakiwa ni sehemu 10 kati ya elfu moja za inchi, na fila, kipimo chembamba cha mwanya, ilipita sawasawa kwenye zote nane; aliyezipanga alijua kazi. Lakini fundi hakuwa akitazama mkao. Alikuwa akitazama nyuzi za skrubu zilizotokeza juu ya nati. Zilikuwa nyingi mno, kwenye roka zote, kwa urefu ule ule.

Akamgeukia kijana wake. "Zingekuwa nne za eksozi tu, ungesema nini?"

"Siti zimeliwa, fundi."

"Na zikiwa zote?"

Kijana akakaa kimya, naye hakumharakisha. Siti za valvu zikiliwa, valvu hupanda na skrubu hulazimika kurudishwa. Na kweli, petroli yenye risasi ilipoondolewa kusini mwa Sahara kufikia 2006, siti za injini za zamani zilipoteza kinga yake. Ila ulaji huo huzipata za eksozi kwanza. Zote nane zikirudi sawasawa, kilichoshuka ni silinda hedi nzima. Imechongwa. Roka zimekaribia kamshafti, fimbo za kusukumia zimekuwa ndefu kupita kiasi, na skrubu zimepanda kuzipa nafasi.

Sasa mambo yakaanza kushikana. Akaunga balbu ndogo kwenye distributa, kijana akazungusha injini taratibu kwa hendeli, balbu ikawaka pointi zilipoachana: moto ulikuwa umecheleweshwa sana. Kitabu kingesema ni kosa, rudisha. Yeye alisema aliyechelewesha alikuwa na sababu. Gari lilichemka, termostati ikatolewa, likaendelea kuchemka hadi hedi ikapinda. Hedi ikachongwa ili ikae sawa, kompresheni ikapanda. Kwa petroli ya okteni ya chini injini ikaanza kugonga mlimani, na mtu akauchelewesha moto ili isigonge. Moto uliochelewa huongeza joto na kupunguza nguvu. Gari likarudi pale pale. Kila fundi alitibu alichoachiwa na mwenzake, na kila mmoja, kwa alichokiona siku ile, alikuwa sahihi.

Nimewasikia mafundi wengi wakianza kazi kwa kumtukana aliyetangulia. Ni uvivu unaojifanya ujuzi. Kumuuliza aliyetangulia kwa nini alifanya alivyofanya ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa hayupo kujibu.

Hedi ilipotolewa, masizi yakafutwa juu ya pistoni na namba ikatokea: 040. Silinda zimeshapanuliwa sehemu 40 kati ya elfu moja za inchi, kutoka milimita 90.47 hadi karibu 91.49, na injini ambayo kadi inaiita 2286 ina cc 2338 hivi. Gasketi mpya ikafungwa, termostati ikarudishwa, njia za maji zikazibuliwa. Moto aliupanga barabarani, kwenye vilima vya njia ya Bigwa kwenda Matombo: anausogeza mbele kidogo, anapanda, anasikiliza, hadi injini ilipoanza kugonga kwa mbali, kisha akaurudisha unywele mmoja. Petroli ya leo iliruhusu zaidi ya alivyothubutu mtangulizi wake. Juu ya kilima sindano ya joto ilibaki katikati.

Mwalimu alitaka pia Zenith ya asili itafutwe. Fundi akamwomba aiache ya Toyota: "Mwalimu, kibao hiki hakivuti hewa hata tone. Tukikitoa, tutakuwa tumeharibu." Ndani ya kifuniko cha valvu amekwaruza kwa msumari: 040, hedi imechongwa, mwezi na mwaka. Silinda zina nafasi moja tu ya kupanuliwa iliyobaki, na pistoni za 060 ameshaanza kuziulizia Dar es Salaam, mapema, kabla hazijahitajika.