Ratiba Iliyoruka Ngara

Msomaji aliyelifuatilia tamasha la Jalada la Machi 2017, lile lililowapakia waandishi na washairi ndani ya basi na kuwapitisha katika miji 12 ya nchi 5, kuanzia Kenya, kwenda Uganda na Kongo, kushuka Rwanda na hatimaye kuingia Tanzania, hana haja ya kusimuliwa upya mambo aliyokwisha kuyaona. Haja yake, akiwa ni mwenyeji wa safu hii, ni kujua jambo hilo lilitendwaje na liliharibikia wapi. Rai yangu sitaificha mpaka mwisho: liliharibikia mezani, kabla gurudumu halijazunguka, pale mpanga ratiba alipoandika Kigali, akashuka mstari mmoja akaandika Mwanza, na katikati ya majina hayo mawili asione kitu cha kuandika.

Yaliyobaki yalikuwa mema na nayapongeza: kuwafuata wasomaji waliko, kuvuka mipaka kwa barabara, na kuthubutu kuiweka Goma katika orodha.

Nirudi kwenye kosa. Basi litokalo Kigali kuja Tanzania halina mlango mwingine ila Rusumo, na mlango huo, kwa ajuaye ufundi wa safari, haupitiki kwa haraka hata ukitaka. Hapo dereva aliyekuwa akishika upande wa kulia, kama ilivyo sheria ya Rwanda, huhamia kushoto. Hapo saa ya mkononi husogezwa mbele saa nzima, kwa kuwa Kigali na Dar es Salaam hazikubaliani juu ya jua. Hapo abiria hushuka wote, na hati zao za kusafiria, za rangi na nchi mbalimbali, hupita mikononi mwa maofisa wa pande mbili wanaofanya kazi pamoja katika kituo ambacho Marais Magufuli na Kagame walikizindua, pamoja na daraja jipya, Aprili 2016. Kwa hiyo basi limekwisha kusimama, watu wamekwisha kunyoosha miguu, saa imekwisha kupotea, na gharama yote ya kusimama imekwisha kulipwa. Naye mtu alipaye gharama ya kusimama, kisha akapanda tena bila ya kufanya shughuli yoyote mahali aliposimama, huyo hata katika biashara ya dagaa asingefika mwaka wa pili.

Kutoka darajani barabara kuu inashika kusini-mashariki kwa masafa ya kilomita 92 hadi Lusahunga, ikipita Benaco, mahali ambapo jina la kampuni ya ujenzi wa barabara liligeuka kuwa jina la mji mdogo, na Nyakahura, penye malori yaliyojipanga kama msafara wa zamani uliokwisha kutua mizigo. Hapo Lusahunga dereva ana ikhtiari: akate kushoto kwenda Biharamulo mjini, Geita na kivuko cha Busisi, kwani siku hizo lile daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 lilikuwa bado, au anyooshe Nyakanazi, Kahama na Shinyanga. Achague ipi, tangu anapogusa udongo wa Tanzania mpaka anapofika Biharamulo mjini au Nyakanazi hatoki katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Tena ikumbukwe kwamba mwaka ule katazo la mabasi ya abiria kukesha barabarani, lililodumu tangu miaka ya 1990 hadi 2023, lilikuwa lingali na nguvu, na kaida ya njia yetu ilikuwa kupima mwendo kwa manzili, yaani mahali pa kulala. Na manzili ya haki kati ya Kigali na Mwanza, kwa saa, kwa milima na kwa uchovu wa mpakani, yako hapa. Ratiba ilizitendea wilaya hizi mbili kama jangwa lisilo na kisima, la kukatwa hima kabla maji hayajaisha.

Walakini ufundi wa barabara ni nusu ya hoja, na ndiyo nusu iliyo nyepesi. Nusu nzito ni hii. Jalada ni umoja wa waandishi ulioanzishwa mwaka 2013, na sifa yake kubwa kuliko zote ilitokana na tafsiri: Machi 2016, mwaka mmoja kabla ya basi, ulichapisha hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Ituĩka rĩa Mũrũngarũ, aliyoiandika kwa Kikuyu, ikafasiriwa kwa mpigo mmoja katika lugha zaidi ya 30, na baadaye idadi ikapita 100. Sasa mwenye sifa hiyo anaingia Ngara, ambako Mhangaza na Mrundi husikizana kila mmoja akisema chake. Ambako Kishubi kiko kilima cha pili. Ambako ukishuka Biharamulo unapokewa na Kisubi na Kizinza, pamoja na Kisukuma kilichohamia na ng'ombe wake. Ambako Kiswahili kimekalia shule, soko na ofisi, na mtoto hubadilisha lugha mara tatu kati ya kisimani na darasani bila ya kujua kwamba kuna watu, katika miji yenye kumbi, wanaolipwa posho kulijadili jambo hilo. Anaingia huko mwenye sifa ya tafsiri, anatazama dirishani, anapita.

Fikiri lilivyokuwa jepesi. Mshairi aliyesoma kwa Kinyarwanda jukwaani Kigali angesoma shairi lilelile kesho yake Benaco na kusikilizwa bila ya mkalimani. Akishamaliza, mwanafunzi wa Rulenge angelirudia kwa Kihangaza, mwalimu wake angelifasiri kwa Kiswahili, na wageni kutoka Nairobi, ambao aghalabu ndio wahitaji wa mkalimani, wangekaa kitako wakajifunza. Sijui tamasha lingine katika nchi hizi tano lililowahi kujaliwa mahali ambapo mpaka wa dola na mpaka wa lugha imekataa kukaa pamoja, na mahali penyewe pako njiani, bila ya kuongeza hata lita moja ya dizeli.

Nimekwisha kusema, na wahariri wamekwisha kunichoka, kwamba matamasha yetu ya vitabu hufuata hoteli, na kwamba Kiswahili hupewa ngoma ya ufunguzi na shukrani za mwisho, ilhali mjadala wenyewe hupewa Kiingereza. Nitaendelea kulisema maadamu dalili zinaendelea. Basi lilibuniwa, nadhani, hasa kuivunja kaida hiyo, na kwa sehemu kubwa ya safari liliivunja. Kinachoniudhi ni kwamba lilipofika mahali ambapo kuivunja kungekuwa na maana kuliko pote, likaruka kutoka mji wa kumbi hadi mji mwingine wa kumbi.

Wala asije mtu akasema kwamba njia hii haina hadithi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 waliikimbia Rwanda kwa kuvuka daraja la zamani la Rusumo, na kwa siku chache Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa za wakimbizi duniani. Desemba 1996 wakarejeshwa kwa barabara ileile. Mwenyeji aliyeyaona hayo akiwa mtoto wa miaka saba alikuwa, basi lilipopita, ametimiza thelathini, umri hasa ambao mtu hukamilisha riwaya yake ya kwanza au huamua kwamba hataiandika kamwe. Vitabu juu ya Rwanda ya 1994 vipo, na juu ya Goma vipo; lakini waliokuwa upande wa kupokea, waliogawana kisima na shamba na wageni waliowazidi idadi, wao aghalabu wamo katika ripoti za mashirika, wakitajwa pamoja na misitu iliyokwisha kwa kuni. Waandishi waliotoka Kigali asubuhi ile walikuwa na maswali ambayo majibu yake yalikuwa yakiuza ndizi kando ya barabara.

Hoja ya kunipinga naijua, maana ni kongwe: hakuna ukumbi, hakuna hadhira, hakuna chombo cha kulitangaza jambo. Ya ukumbi ni dhaifu. Biharamulo boma la Wajerumani lingali limesimama, na kama mtu anaona haya kusoma mashairi katika jengo la mkoloni, basi Ngara kuna shule na viwanja vya kumtosha. Ya hadhira ni dhaifu zaidi, kwa sababu pale Benaco dereva wa lori anayesubiri zamu yake na utingo wake ni wasikilizaji wasio na pa kwenda. Na ya chombo ndiyo inayonishangaza hasa, kwani Ngara kuna Redio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, ambayo tangu mwanzo ilizoea kusema na watu kwa Kirundi, Kinyarwanda na Kiswahili. Tamasha lenye lugha nyingi lilipita kando ya redio yenye lugha nyingi, nalo likaenda kutafuta vipaza sauti Mwanza.

Wazee wetu wasingelifanya hilo. Mradi wa kisomo chenye manufaa ulipoanza mwaka 1968, makao yake yakiwa Mwanza hiyohiyo na eneo lake likiwa mikoa inayolizunguka ziwa, haukusema kwamba vijijini hakuna kumbi. Ulipeleka darasa chini ya mwembe, ukaweka maktaba za vijiji, na likapatikana gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya msomaji ambaye jana yake hakujua kusoma. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima, kila kikundi na kitabu chake na kiongozi wake, bila ya basi lililopakwa rangi. Na kama ni jangwa kweli linatafutwa, Wakenya wa idara ya maktaba walilivuka tangu mwaka 1996 kwa ngamia, wakiwapelekea wafugaji wa Garissa masanduku ya vitabu kwa mwendo wa mnyama, ambao una fadhila moja: ngamia hapiti boma la watu bila ya kuonekana.

Kuna na Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ambaye mswada wake wa Kikerewe juu ya Myombekere na Bugonoka ulikamilika mwaka 1945, akaungojea mchapaji miaka na miaka, kisha akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili ili uchapwe, na nakala zilipotoka hazikumkuta hai. Kwangu yeye ndiye imamu wa wafasiri wa ziwa hili, na najua hakuna haja ya kumtaja katika uchambuzi wa ratiba ya basi, ila kwamba kila ninapoona tafsiri ikisherehekewa mjini namkumbuka mtu aliyeifanya kisiwani, kwa mkono, bila ya makofi.

Hata wapita njia ambao siwapendi walitambua kwamba nchi hii si ya kupitwa tu, kwa hiari au kwa lazima. Mpelelezi Speke alipopita Usui, ndiyo Biharamulo ya leo, mwaka 1861, Suwarora mtawala wa nchi hakumruhusu kupita bure. Alimkawiza na kumtoza hongo, na Mwingereza yule akailipiza kwa wino, akimnung'unikia kurasa nyingi katika kitabu chake cha 1863. Walakini Usui ikaingia kitabuni. Mjerumani von Götzen naye alivuka Kagera hapo Rusumo Mei 1894, na mwaka wa pili kitabu chake kikatoka kwao Ujerumani. Suwarora alikuwa na kanuni iliyo bora kuliko ya mpanga ratiba wetu: msafiri mwenye kalamu asimamishwe, hata kama atatoka amenuna.

Ningepewa karatasi ile ya ratiba ningeipanga hivi. Basi liondoke Kigali saa 12 asubuhi kwa saa ya Rwanda, lifike Rusumo saa tatu, ambazo ni saa nne kwa saa yetu. Hati zishughulikiwe kwa muda wa saa mbili, bila ya kufokeana na maofisa. Adhuhuri lisimame Benaco, usomaji ufanyike karibu na malori, mfupi, bila ya meza kuu wala mgeni rasmi. Alasiri lipande Ngara mjini, na jioni waandishi wanne waingie studio ya Redio Kwizera kwa lugha tatu, wengine wakila na wenyeji. Walale Ngara. Siku ya pili Biharamulo kabla ya saa nne, wanafunzi na walimu kwanza, wazee baadaye, na walio na hadithi za kambi wapewe saa nzima pasipo mtu wa kuwakatiza. Saa saba waondoke kwa njia ya Geita, wakiwahi kivuko cha Busisi, na wafike Mwanza usiku wakiwa na kitu cha kuwasimulia watu wa Mwanza. Hesabu yake ni siku moja na ushei juu ya ratiba ya awali, na siku hiyo ningeikata Dar es Salaam, ambako jioni moja pungufu ya mashairi isingetambuliwa na mtu.