Kawandi Hushonwa Kutoka Pindoni

Wanawake wa Kisiddi wa kaskazini mwa jimbo la Karnataka, nchini India, hushona mfarishi wa viraka uitwao kawandi. Nimo katika kushona mmoja kwa njia yao, kwa khanga na mashati yaliyochakaa, na kila ninapoendelea heshima yangu kwao inazidi. Kazi hii inachosha vidole, na inaichosha akili zaidi, kwa sababu ya mpangilio wake.

Mafundi wengi wa viraka duniani huunganisha kwanza vipande mpaka uso mzima ukamilike, ndipo wakaushonea juu ya pamba na bitana. Ukipima na kukata sawasawa, vipande vitakutana. Msiddi hana hatua hiyo. Hutandika nguo pana ya chini, mara nyingi sari kuukuu, hukunja pindo lake na kuanza kwenye pembe. Huweka kiraka, hukunja ukingo wake kwa ncha ya sindano na kidole gumba, halafu hupiga bandi akipitisha sindano katika tabaka zote kwa pamoja. Kiraka cha pili hulalia kidogo cha kwanza. Huenda hivyo akifuata pindo hadi arudi alikoanzia, kisha huingia ndani kiasi cha unene wa kidole na kuzunguka tena. Hakuna fremu wala mchoro. Kuunganisha viraka na kushona mfarishi ni tendo moja, kutoka pembezoni kwenda kati.

Hapo ndipo penye kero. Kila mstari wa bandi huvuta nguo kidogo, na nguo iliyosukumwa haina pa kukimbilia, maana kingo zote nne zimekwisha kushikwa. Ziada yote huenda katikati. Duru za mwanzo hutulia kama maji ya mtungi. Ukifika za kati, nguo imefura, ya juu inapanda na ya chini inajikunja usikoona. Kufumua hakusaidii, kwa kuwa kosa haliko kwenye mshono mmoja. Limegawanyika katika mishono yote iliyotangulia. Dawa ni kuimeza ziada hiyo kidogo kidogo: bandi ziwe fupi, kiganja kilaze nguo kabla ya kila mshono, kikunjo cha kila kiraka kipya kichukue sehemu yake ya ule uvimbe. Duru moja haitoshi kuumaliza. Ndiyo maana uso wa kawandi una mawimbi madogo ambayo mfarishi wa cherehani hauna, na mimi naona uzuri wake mwingi umo humo.

Nguo nazo zina tabia zake. Khanga iliyofuliwa miaka mingi hupokea sindano bila ubishi. Kitenge kipya chenye wanga hukataa kukunjika, na ukikilazimisha hurudi kilivyokuwa mara tu unapoondoa kidole. Pindo la jinzi linahitaji kastabani, na hata ukiivaa sindano inaweza kukatika. Fundi mzuri huzipanga nguo hizi akijua ipi itasaidia ipi: ngumu kati ya laini mbili, inayoteleza chini ya inayoshika. Rangi anaiangalia pia, lakini mkono ndio unaoamua kwanza.

Wasiddi ni Wahindi wenye asili ya Afrika. Wazee wao, wengi wakiwa watumwa, walipelekwa huko na Wareno na wafanyabiashara wa Kiarabu, na wengi walitoka upande huu wetu wa Afrika Mashariki. Wengi wa walioko Karnataka ni kizazi cha watu waliotoroka Goa wakajificha katika misitu ya milima ya Ghats Magharibi. Leo wanaishi sehemu za Yellapur, Haliyal na Mundgod, wamo Wahindu, Waislamu na Wakatoliki, na wengi ni wakulima na vibarua. Katika nyumba kama hizo, nguo iliyochakaa ina kazi nyingine inayoisubiri: kulaliwa na kufunikiwa watoto. Mwaka 2004, kwa msaada wa Henry Drewal, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, wanawake wa Kisiddi waliunda ushirika wa kuuza kawandi zao, na mwaka 2011 kazi zao zilionyeshwa katika kituo cha Schomburg, New York. Ni haki yao. Nasikitika tu kwamba katika pwani yetu jina lenyewe la kawandi ni geni.

Kazi haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka kila pembe ipate phula, yaani kitambaa kidogo kilichokunjwa kuwa pembetatu, mara nyingine pembetatu kadhaa zimepandana. Phula hazizidishi joto wala nguvu. Hata hivyo Wasiddi husema kawandi isiyo nazo iko uchi. Baada ya mizunguko yote ile, mikono ikiwa imechoka na mfarishi tayari unatosha kulaliwa, mwanamke bado huketi akakunja vipande vidogo kwa ajili ya pembe nne. Katika kazi yote ya kawandi, hatua hii ndiyo ninayoistahi kuliko nyingine.

Ukibahatika kuishika kawandi mkononi, usiridhike na viraka vya juu. Igeuze. Huko nyuma nguo ni moja, rangi hazikuvuti macho, na bandi zimebaki peke yake, duru ndani ya duru. Utaona zilipokuwa ndefu kwa haraka na zilipofupishwa kuushughulikia uvimbe. Utaona mstari uliopinda na jinsi kila mstari unaofuata ulivyopungua kupinda, mpaka wa nne au wa tano ukanyooka.