Mwendo Unaoimbika

Mkimbiaji asiye fundi hutambulikana mapema. Katika mbio zozote za hisani, mita mia mbili za kwanza zina wenyewe: vijana waliotoka kununua raba mpya, baba aliyetambiana na mwanawe tangu jana, mwalimu wa michezo anayetazamwa na darasa zima. Wanatoka nduki. Kabla ya kona ya pili mmoja amejishika ubavu kwa kichomi, mwingine ameinama, anajifanya kufunga kamba ambazo hazijafunguka. Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu anawapita. Wakati wa kuanza hakuna aliyemgeuzia shingo. Anakwenda vile vile alivyoanza, na atamaliza vile vile anavyokwenda. Huyo ndiye fundi, na ufundi wake ni kupima mwendo.

Ufundi huu hauonekani vizuri kwenye televisheni, kwa sababu huko macho yote yako kwa anayeongoza. Unaonekana kwenye mbio zisizo na mshindi. Kanada wanazo, nazo hukimbiwa kila Septemba: Mbio za Terry Fox. Katika mji mdogo wa Ontario ninapoishi, watu hukusanyika asubuhi ya Jumapili kwenye bustani ya mji, kando ya mto. Hakuna kiingilio, hakuna medali, hakuna bango la benki wala la kampuni ya bia, maana nembo za wafadhili wa biashara haziruhusiwi. Kuna njia fupi na njia ndefu, na kila mtu huchagua yake. Wapo wa kukimbia, wa kutembea, wa baiskeli, wa kiti cha magurudumu, wa kusukuma kigari cha mtoto. Waliojitolea wamekata machungwa vipande na kupanga vikombe vya maji mezani. Mmoja wao anashika kipaza sauti, anahesabu, watu wanaondoka.

Majira yenyewe yanasaidia. Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumika hugeuka joto, na mwili hauna budi kulitoa joto hilo kwa jasho na kwa kupeleka damu kwenye ngozi. Damu inayokwenda kupoza ngozi haiwezi wakati huo huo kulisha miguu. Ndiyo maana jua la Julai humlaza chini mkimbiaji ambaye Septemba, kwenye nyuzi kumi za asubuhi, angekwenda mwendo ule ule huku akipiga soga. Miti ya maple imeanza kuwa myekundu kwenye ncha. Sisi wa kutoka Afrika Mashariki tunakuja na makoti mazito, na muda si mrefu kila mmoja amelifunga lake kiunoni. Lakini hewa baridi ina hila yake: ni tamu kuvuta, na utamu huo ndio unaowatoa watu nduki. Uchovu upo, ila haujajitangaza.

Mtu ambaye mbio hizi zimebeba jina lake alikuwa fundi wa mwendo kwa lazima. Terry Fox alizaliwa Winnipeg mwaka 1958, akakulia Port Coquitlam, katika jimbo la British Columbia. Mwaka 1977 saratani ya mfupa ilimfanya akatwe mguu wa kulia juu ya goti, akiwa na miaka 18. Alijifunza kukimbia upya kwa mguu wa bandia wa wakati ule, ambao kila baada ya hatua ulihitaji nafasi kidogo ya kurudi mahali pake. Nafasi hiyo akaipata kwa kurukia mguu mzima mara mbili kabla ya kuukanyagia wa bandia. Mbili nyepesi, moja nzito. Mbili nyepesi, moja nzito. Wapo waliotazama mwendo ule wakaona kilema tu. Mimi naona hesabu: mtu amepata kipimo ambacho mwili wake unakiweza, akakishika bila kukiomba radhi.

Mwishoni mwa kiangazi cha 1979 alikwenda Prince George, kaskazini mwa jimbo lake, kukimbia mbio za kilomita zipatazo 27. Akawa wa mwisho, dakika kama kumi nyuma ya aliyemtangulia. Baada ya hapo ndipo alipowaambia wazazi wake kwamba anataka kuivuka Kanada kwa miguu ili kuchangisha fedha za utafiti wa saratani. Kama angejipima kwa nafasi aliyoshika, angerudi nyumbani akatulia. Alichokwenda kutafuta Prince George ni jibu la swali jingine: je, kipimo changu kitahimili? Kilihimili.

Tarehe 12 Aprili 1980, mjini St. John's, alichovya mguu wa bandia kwenye maji ya Atlantiki, akaelekea magharibi. Lengo lake lilikuwa kilomita kama 42 kila siku, yaani marathoni nzima, na kesho yake nyingine. Rafiki yake Doug Alward aliendesha gari, akitangulia kwa maili moja na kungoja na maji. Hapa ndipo ufundi ulipo. Kanada ni kubwa mno kukimbika kichwani. Anayeifikiria yote haondoki hata kitandani. Terry alikimbia mpaka kwenye gari. Akanywa maji, akakimbia tena mpaka kwenye gari. Tarehe 1 Septemba, karibu na Thunder Bay, maumivu ya kifua yalimsimamisha: saratani ilikuwa imefika mapafuni. Alikuwa amekwenda kilomita 5,373 kwa siku 143, wastani wa zaidi ya kilomita 37 kwa siku. Alifariki tarehe 28 Juni 1981, kabla ya kutimiza miaka 23. Septemba ya mwaka huo huo watu wapatao 300,000 walijitokeza katika mbio za kwanza zenye jina lake, na tangu hapo sharti limebaki lile lile: haya si mashindano.

Sisi tuliopitia shule za Tanzania tulifundishwa ufundi huu kabla hatujajua kuwa ni ufundi. Tuliuita mchakamchaka. Alfajiri, umande haujakauka, mistari imenyooka, kiranja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia huku nyayo zikipiga ardhi pamoja. Wengi wetu tuliuona kuwa adhabu ya kuamshwa mapema. Lakini utazame mchakamchaka kwa jicho la fundi. Mtu akikimbia kupita uwezo wake, pumzi haitoshi kwa kazi mbili, na wimbo ndio unaokatika kwanza. Walimu wa mazoezi ya viungo leo hutumia kipimo hicho hicho: ukiweza kusema sentensi nzima, miguu bado inapata hewa ya kutosha, maneno yakianza kutoka moja moja, umevuka mpaka. Mchakamchaka uliuweka mpaka huo kooni mwa kila mtoto, bila saa na bila mashine ya kupima mapigo ya moyo.

Tena uliuweka kwa wote pamoja. Kiranja mzuri hakuwa yule mwenye mbio. Alikuwa yule mwenye masikio. Sauti za watoto wadogo wa mkiani zikianza kufifia katika kiitikio, alijua mstari unakatika, naye alipunguza mwendo bila kutoa amri yoyote. Aliuvuta tu wimbo. Mwenye nguvu aliyetaka kutoroka mbele alijikuta anaimba peke yake, na hakuna kinachomrudisha kijana katika mstari upesi kama kuitikia wimbo ambao hausikii tena.

Atakayebisha atanitajia mkimbiaji Filbert Bayi. Na ana haki. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Bayi alishika uongozi wa mbio za mita 1,500 tangu mwanzo, hakuuachia, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker aliyekuja wa pili, naye akiwa chini ya rekodi ya zamani, alimfukuza mpaka kwenye utepe asimpate. Je, huyo naye hakutoka nduki? Hapana. Sikuanza insha hii kusifu kwenda polepole. Wavivu hawahitaji mtetezi. Nasifu kujua kiasi. Kasi ya Bayi ilikuwa wazimu kwa waliokuwa nyuma yake. Kwake ilikuwa kitu alichokizoea na kukijaribu, na alijua itamfikisha wapi. Yeye na bibi wa kofia ya sufu wana kazi moja, ila kila mmoja ana namba yake.

Na kujua kiasi si kazi ya kudharauliwa, hata kwa mabingwa. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na ushee kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alizungukwa na wakimbiaji 41 waliopokezana zamu za kumkinga upepo na kumshikia mwendo, huku gari mbele yao likichora mistari ya mwanga barabarani. Kila kilomita ilitakiwa iliwe kwa dakika 2 na sekunde 50 hivi. Wale 41 walikuwa miongoni mwa wakimbiaji wakali wa dunia, na siku ile kazi yao ilikuwa kutokushinda. Karibu na mwisho walimwachia njia, wakabaki nyuma wakishangilia.

Hapo ndipo ninapouona mji wangu mdogo na Vienna zikikutana. Daraja la juu la ufundi huu ni kupima mwendo kwa ajili ya mtu mwingine. Katika Mbio za Terry Fox watu huandika majina ya wale wanaowakimbilia: mama, kaka, rafiki wa shuleni. Wengine wanaokimbiliwa wapo pale pale, wametoka kwenye matibabu, nywele zinaanza kuota, na wameamua kutembea njia fupi kwa miguu yao wenyewe. Mtazame anayemsindikiza mtu kama huyo. Akitangulia nusu hatua, tayari anamvuta. Mgonjwa ataharakisha kwa haya, na muda si mrefu atakata pumzi. Akibaki nusu hatua nyuma, anamfanya ajione mzigo unaolindwa. Inabidi wawe bega kwa bega, na bega la mgonjwa ndilo liamue. Nimeona vijana wanaoweza kumaliza kilomita kumi bila kuhema wakishindwa mtihani huo. Na nimemwona jirani yangu Mkongo, mwimbaji wa kwaya, akiufaulu kwa njia aliyoijua: alianza kuimba chinichini, mama aliyekuwa pembeni yake akaanza kutikisa kichwa, na kilomita nzima walikwenda kwa mdundo wa huyo mama, si wa kwaya.

Hata fedha za mbio hizi zinakwenda kwa mwendo huo. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua kadi za mchango na daftari la ahadi. Ndivyo ilivyo hapa, mkimbiaji anapita kwa majirani na wafanyakazi wenzake, kila mmoja anaahidi kidogo alichonacho. Terry aliomba dola moja kwa kila Mkanada, wakati nchi ilikuwa na watu kama milioni 24. Kufikia Februari 1981, akiwa bado hai, lengo hilo lilitimia. Tangu hapo, mwaka baada ya mwaka, michango kwa jina lake imepita dola milioni 800. Wapo matajiri waliotoa, lakini sehemu kubwa ya kazi imefanywa na noti ndogo zilizokuja Septemba, zikaja tena Septemba iliyofuata. Utafiti wa saratani wenyewe hauendi kwa kishindo. Mtu anafanya jaribio, linakataa, anabadilisha kitu kimoja, anarudia. Kuufadhili kwa fujo ya siku moja kisha kuusahau ni sawa na kutoka nduki.

Kwa hiyo anayetaka kujifunza ufundi huu asianze na viatu, na asisubiri kualikwa kwenye mbio. Atoke asubuhi, aanze kwa mwendo unaomwaibisha kidogo mbele ya majirani. Aimbe ubeti mmoja, wowote. Ukitoka mzima, aongeze kidogo. Ukikatikia njiani, apunguze, na asione haya. Arudie hivyo siku hadi siku mpaka kifua kimjue na yeye akijue kifua. Akishafika hapo, akaweza kwenda anavyotaka na muda anaotaka, amtafute mtu anayekwenda polepole kuliko yeye, amwombe waende pamoja, na amwachie huyo achague wimbo.